Maswali yenu: kaolini ya Pugu, masizi na gesi usiyoiona

Toleo lililopita tuligusa juu juu habari ya sialoni, ile seramiki ngumu inayopatikana ukichoma kaolini, yaani ule udongo mweupe wa kufinyangia, pamoja na kaboni ndani ya gesi ya naitrojeni badala ya hewa ya kawaida. Tukasema inawezekana, basi, tukaendelea na mambo mengine. Sasa meseji zimemiminika, wengine wanauliza kwa nia ya biashara, wengine ni wanafunzi wana ripoti ya kukabidhi Ijumaa, na kuna mmoja nadhani anatafuta tu silaha ya kumshinda shemeji yake kwenye ubishi. Nimechagua chache, majina nimeyaacha.

Habari za kazi mwalimu. Nina eneo huku Kisarawe, udongo wake mweupe kabisa, zamani mama zetu walikuwa wanapakia kwenye kuta. Kijana wangu anasema ni kaolini na eti wazungu wanaigeuza kuwa seramiki ya kukatia chuma. Ni kweli au ananipiga fiksi? — Mzee wa Kisarawe

Shikamoo mzee wangu. Kijana hajakudanganya, ila amerukia mwisho wa hadithi.

Kaolini ipo huko kwenu, hilo halina mjadala, hata yale mapango ya popo ya Pugu ni machimbo ya zamani ya kaolini. Lakini chukua udongo wako kidogo, usugue kati ya vidole: utasikia mkwaruzo. Huo ni mchanga wa kwatzi. Pugu kaolini imejaa katikati ya punje za mchanga, kwahiyo ukichimba unachimba vyote viwili na kabla ya mipango yoyote inabidi uoshe. Loweka kwenye pipa, koroga vizuri, subiri kidogo mchanga uzame, halafu chota yale maji meupe ya juu uyahamishie pipa lingine na uyaache mpaka unga utulie chini. Ukirudia mara kadhaa utapata unga laini unaoteleza bila kukwaruza, huo ndo tunaozungumzia.

Sasa sialoni. Ni mchanganyiko wa silikoni, alumini, oksijeni na naitrojeni, na iligunduliwa karibu wakati mmoja sehemu mbili tofauti, Japani mwaka 1971 na Newcastle, Uingereza, mwaka 1972 chini ya profesa Kenneth Jack. Wao walitumia unga safi wa maabara, ule wa bei mbaya. Mwaka 1979 ndo Lee na Cutler wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakaonyesha kwamba unaweza kuipata kwa udongo tu, kaboni na naitrojeni, na baada ya hapo watu wengi wakaingia. New Zealand kwa mfano, mtafiti MacKenzie na wenzake waliichunguza sana wakitumia kaolini na ndugu yake halosaiti, ambayo kule kwao kaskazini ipo nyeupe ya kutengenezea vyombo vya kifahari.

Kuhusu kukatia chuma, hapo ndo kijana karukia mwisho. Sialoni za kwenye visu vya mashine zina alumini na oksijeni kidogo. Kaolini haikupi uhuru wa kuchagua, maana silikoni na alumini zimekuja zimeshagawanywa nusu kwa nusu, kwahiyo sialoni inayotoka inakuwa na alumini nyingi na haina ubavu ule wa kisu cha mashine. Inafaa zaidi kwenye matofali ya tanuri na vifaa vya kugusana na alumini iliyoyeyuka. Alumini ya moto haiing'ang'anii sialoni, na wale mafundi wetu wanaomimina sufuria wanajua alumini inavyokula vyombo vya chuma.

Mwalimu shikamoo. Mimi nasoma kemia mwaka wa pili. Naomba unieleze hatua kwa hatua nini kinatokea mle ndani ya tanuri, maana kwenye vitabu wanaandika mshale mmoja tu kutoka udongo mpaka sialoni halafu wanakuacha hapo. — Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba. Nitaandika kirefu kidogo maana hapa ndo penyewe, na mshale mmoja kweli unaficha mengi.

Unaanza na mchanganyiko wa kaolini na kaboni laini, masizi yanafaa zaidi, umesagwa pamoja mpaka wote uwe mweusi wa aina moja usione hata doa jeupe. Unaweka maji kidogo unafinyanga vipunje vyenye ukubwa wa punje ya mahindi, unakausha, unaingiza kwenye bomba la alumina (alumini na oksijeni) lililo ndani ya tanuri la umeme, unafungulia naitrojeni ipite kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ndo unaanza kupandisha joto. Usimwage unga mtupu ukaushindilia, gesi haitapita katikati, utapata sialoni juu na udongo uliopikwa chini.

Kati ya nyuzi 450 na 600 maji yaliyofungwa ndani ya kaolini yanatoka, na hayo ni asilimia 14 ya uzito wake. Kinachobaki kinaitwa metakaolini, mpangilio wa matabaka umevurugika. Karibu na nyuzi 980 kuna kitu kinafurahisha, sampuli yenyewe inatoa joto ghafla, kwenye grafu unaona mdomo mkali umechomoza juu. Hapo silika (silikoni na oksijeni) na alumina zinaanza kuachana. Ukipita 1,200 unakuwa na mulaiti, ambayo ni alumina iliyobaki na silika kidogo, na pembeni yake silika ya ziada imekaa peke yake kama kioo. Mpaka hapa naitrojeni haijafanya lolote, na kaboni nayo ni kama haipo. Ungekuwa unachoma kigae cha kawaida ungekuwa umeshamaliza kazi.

Kazi inaanza karibu na nyuzi 1,400. Kaboni inaing'oa oksijeni kwenye ile silika ya pembeni, inatoka kaboni monoksaidi, na silika yenyewe inageuka kwa muda kuwa gesi ya silikoni monoksaidi. Hiyo gesi ndo inayotembea, inaenda kukutana na kaboni nyingine mbele inatengeneza silikoni kabaidi. Halafu sasa naitrojeni, kaboni, mulaiti na hiyo kabaidi vinaanza kuelewana, zinazaliwa sialoni za mpito, zile zenye oksijeni nyingi, na ukiendelea kushikilia joto kati ya 1,400 na 1,500 kwa masaa kadhaa zinageuka kuwa beta sialoni unayoitafuta.

Unaona basi kabaidi inapita katikati? Wengi wanadhani ikionekana kwenye vipimo wameharibu. Hapana, umetoa mapema tu. Kuharibu kwenyewe ni kuchelewa. Ukizidisha masaa, naitrojeni na kaboni hazijui kuridhika, zinaendelea kuivua sialoni silikoni yake na oksijeni mpaka unabaki na misombo iliyo karibu na nitraidi ya alumini, yaani alumini iliyoungana na naitrojeni, na uzito wa sampuli unazidi kushuka. Ishara moja utaiona kwa macho: tanuri likipoa, angalia upande gesi inapotokea, kwenye ukuta wa bomba pale ambapo joto linaanza kushuka. Ukikuta manyoya meupe au ya kijivu, laini kama pamba, hiyo ni silikoni iliyokimbia ikiwa gesi ikaja kugandia hapo. Kidogo ni kawaida. Yakiwa mengi ujue umepoteza mali.

Halafu kuna mtiririko wa gesi, na hapa ndo watu wanafeli zaidi kuliko kwenye joto. Naitrojeni ina kazi mbili, kuingia kwenye sialoni na kuifukuza kaboni monoksaidi. Monoksaidi ikibaki pale karibu na vipunje mmenyuko unagoma, ni kama daladala iliyojaa, wa ndani hawajashuka wa nje watapandia wapi. Kwahiyo mtiririko ukiwa mdogo sana kazi inasimama, ila ukiwa mkali sana unabeba na ile silikoni monoksaidi kabla haijafanya lolote. Ndo maana kila tanuri lina kipimo chake na huwezi kuchukua namba ya lita kwa dakika kutoka kwenye ripoti ya mtu mwingine ukaitumia ilivyo.

Ukishapoza, unachotoa kitakuwa cheusi kwasababu ya kaboni iliyobaki. Kichome kwenye hewa ya kawaida kwa nyuzi 650 hivi, kaboni inaungua inaondoka, sialoni haijali joto hilo. Ndo utaona rangi ya kijivu iliyopauka.

Mkuu nipe tu vipimo, gramu ngapi za udongo na ngapi za mkaa? — Asiye na muda, Dar

Haya asiye na muda. Kwa kaolini safi gramu 100 unahitaji kaboni gramu 23.3. Itakula naitrojeni gramu 18 hivi, itakupa sialoni gramu 73, maji gramu 14 na kaboni monoksaidi gramu 54. Jumlisha vinavyoingia na vinavyotoka utaona vinalingana, 141 na ushee kila upande.

Lakini usikimbie na 23.3 ukadhani umemaliza, hizo ni gramu za kaboni, sio za mkaa. Mkaa wa gunia una unyevu, una moshi ambao haujatoka wote, una majivu, na majivu yana chokaa na potashi ambazo zitayeyusha udongo wako kuwa kioo kabla hujafika popote. Ukitumia mkaa lazima ujue kaboni halisi ni asilimia ngapi. Masizi ya kiwandani ni safi zaidi ingawa yanachafua kila kitu ndani ya nyumba. Njia nyingine ni sukari, unaiyeyusha unachanganya na udongo unaichoma bila hewa mpaka ibaki kaboni tupu, inajipaka kwenye kila chembe. Wajapani wa Waseda walienda mbali zaidi mwaka 1984, waliingiza plastiki ya poliakrilonitraili katikati ya matabaka ya udongo wa montmorilonaiti, wakaichoma humo humo, kwahiyo kaboni na silika zikawa jirani wa ukuta kwa ukuta. Hiyo ni akili sana kwa kweli.

Mwalimu, naitrojeni wanayojaza kwenye matairi si ni naitrojeni ile ile? Kwanini nikanunue mtungi wa bei? — Fundi tairi, Mwanza

Ni ile ile kaka, ila ina wageni. Mashine za kujazia matairi zinachuja hewa mpaka ifike asilimia 95 hivi, tairi halina shida na hizo tano zilizobaki. Tanuri lina shida nazo sana. Ile asilimia tano ni oksijeni karibu yote, na kwa nyuzi 1,400 itaila kaboni yako kwanza kabla ya kitu kingine, utafungua bomba ukute mulaiti nyeupe safi kabisa na hakuna sialoni hata chembe. Mmenyuko unachukua masaa na gesi inapita muda wote huo, kwahiyo hata oksijeni ndogo inajumlishika.

Mtungi wa viwandani wenye usafi wa juu ndo njia, na hata huo watu wengi wanaupitisha kwanza kwenye bomba dogo lenye vichenga vya shaba vilivyopashwa moto ili vikamate oksijeni iliyobaki. Shaba ikishakuwa nyeusi imeshiba, unaibadilisha.

Habari mwalimu. Sisi ni kikundi cha kinamama wafinyanzi, tuna tanuri la kuni na tumeshazoea kufukia vyungu kwenye pumba na mkaa ili viwe vyeusi. Hatuwezi kufukia hiyo kaolini kwenye mkaa mwingi tukapata hiyo kitu bila mitungi? — Katibu wa kikundi, Morogoro

Dada, hongereni kwa kazi. Swali lako limenikamata maana ndani yake kuna kemia nzuri kuliko maswali mengi ya wasomi.

Fikiria hewa inayopenya kwenye lundo la mkaa wa moto. Oksijeni yake yote inageuka kuwa kaboni monoksaidi, naitrojeni inabaki ilivyo. Ukipiga hesabu unapata mchanganyiko wa naitrojeni asilimia 65 na monoksaidi asilimia 35. Kwahiyo ni kweli, ukifukia kitu kwenye mkaa umekizungushia naitrojeni nyingi tu bila kulipa senti. Shida ni hizo 35. Kama nilivyomwambia mwanafunzi wa Mbeya hapo juu, monoksaidi ikijaa mmenyuko unagoma, ili uendelee inabidi joto lipande zaidi, na kwenye joto hilo la juu silika inapenda kuwa kabaidi kuliko kuwa nitraidi. Viwandani wapo wanaochoma matofali yao ndani ya vumbi la koki (makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa), lakini wanaweka na unga wa silikoni ndani ya tofali, na wanachopata mara nyingi ni kabaidi na mchanganyiko wa hiki na kile.

Na kuna joto lenyewe. Tanuri la kuni la vyungu linafika 900, likikimbizwa vizuri 1,000 na kidogo. Kutoka hapo mpaka 1,400 sio swala la kuongeza kuni, kuta zenyewe za tanuri zitaanza kulainika.

Ila msikate tamaa na kaolini. Ioshwe, ifinyangwe mabumba, ichomwe kwenye tanuri linalofika 1,300 (kuna vyuo na viwanda vya vigae vinayo, muombe nafasi), halafu mabumba hayo yapondwe kuwa chengachenga na kuchanganywa kwenye udongo wenu wa majiko. Mulaiti iliyomo haitanuki sana ikipata moto, jiko halipasuki kirahisi. Haihitaji gesi ya aina yoyote na soko lipo mlangoni kwenu. Mimi ningeanzia hapo.

Shemeji yangu anasema ukichanganya udongo na mkaa ukachoma kwa umeme unapata msasa, sio sialoni. Mimi nasema sialoni. Nani yuko sahihi? — Mbishi, Nakuru

Wote. Pole.

Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alichanganya udongo na unga wa koki kwenye bakuli la chuma, akachomeka fimbo ya kaboni na kupitisha umeme mkali. Alikuwa na ndoto za kutengeneza almasi. Kwenye fimbo akakuta fuwele ndogo zinang'aa, ngumu kiasi cha kukwaruza karibu kila kitu. Ilikuwa silikoni kabaidi, ndo hiyo ya msasa wa shemeji, mwaka 1893 akapata hati miliki, na mpaka leo lile jiwe la kijani kwenye mashine ya kunolea pale gereji ni kitu hicho hicho. Kwahiyo shemeji anajua historia.

Lakini tofauti ya Acheson na kina Lee na Cutler haiko kwenye udongo, udongo na kaboni ni vile vile. Acheson hakuwa na habari na gesi, na joto lake lilipita mbali sana. Kwenye naitrojeni ya presha ya kawaida kuna mpaka karibu na nyuzi 1,435: chini ya hapo silikoni ikiwa na kaboni pembeni inapendelea kuwa nitraidi, juu ya hapo inapendelea kuwa kabaidi. Alumini iliyomo kwenye kaolini inausogeza mpaka huo kidogo ndo maana watu wanafanya sialoni hata kwa 1,450 na zaidi, ila ukizidi kupanda unarudi kwa shemeji.

Na akileta tena ubishi mwambie hata udongo hauhitajiki kupata msasa, pumba za mpunga zinatosha. Majivu yake ni silika karibu yote, na kaboni imo humo humo ndani ya pumba. Hao hao Lee na Cutler waliandika kuhusu hilo mwaka 1975.

Kwanini msitumie amonia? Nimesoma inafanya kazi kwa joto dogo zaidi. — Msomaji, Muscat

Ni kweli, amonia ina hidrojeni inayosaidia kung'oa oksijeni, na naitrojeni yake haijafungwa kwa nguvu kama kwenye naitrojeni ya kawaida ambayo atomu zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu. Kwahiyo inaanza kazi mapema. Lakini yenyewe inavunjika ikipata joto, inabidi uipitishe haraka ifike kwenye udongo ikiwa nzima, na ni sumu inayochoma macho na mapafu. Kwa aliye na maabara yenye mfumo wa kuosha gesi, sawa. Kwa wengine wote nasema hapana, hata msinitumie tena hilo swali.

Klorini nayo niliulizwa. Ukipitisha klorini kwenye udongo na kaboni ya moto unavuta alumini na silikoni zikiwa kloraidi, na kloraidi ya silikoni ikikutana na amonia ndo njia mojawapo ya kupata unga safi sana wa nitraidi ya silikoni. Ni kazi ya kiwanda chenye mabomba yasiyooza. Tuiache hapo.

Nina tanuri dogo la umeme linafika 1,500, nataka kujaribu kwenye chumba cha uani. Nianze na gramu 100 tu. Kuna hatari? — Mjaribu, Arusha

Mdogo wangu, rudi juu usome ile gramu 54.

Kaboni monoksaidi gramu 54 ni lita 47 hivi. Chumba cha mita nne kwa nne chenye dari la mita tatu kina lita 48,000. Gawanya: umepata karibu sehemu 1,000 kwa kila milioni moja. Nchi nyingi zinaruhusu mfanyakazi kukaa masaa 8 kwenye sehemu kati ya 20 na 50. Elfu moja ni kichwa kuuma, kutapika, kisha kulala moja kwa moja, na hakuna harufu wala rangi ya kukushtua. Tunasikia kila msimu wa baridi watu wamekutwa chumbani na jiko la mkaa. Hii ni gesi hiyo hiyo, na hizo ni gramu 100 tu, konzi moja ya udongo.

Kwahiyo bomba la kutolea gesi liende nje kabisa, sio dirishani, na pale mwisho liwe na mwali unaoiunguza, ukiwaka buluu ndo unajua mmenyuko umeanza na ukififia ndo unajua unakaribia kuisha, faida juu ya faida. Weka king'ora cha monoksaidi kwenye chumba, kile cha betri, nje ya nchi watu wanaweka majumbani. Mtungi wa naitrojeni nao usiwe chumba kilichofungwa kwasababu ukivuja unaisukuma oksijeni nje na wewe hutahisi lolote. Anza na gramu tano. Na usiwe peke yako.

Alafu angalia tanuri lenyewe, ni la bomba au la sanduku? Kama ni sanduku la kawaida lenye mlango, halishiki gesi, utajaza naitrojeni Arusha nzima.

Nimeshapata eneo la kaolini, nina mtaji kidogo. Nikitengeneza unga wa sialoni nitauza kwa nani? — Mjasiriamali, Mkuranga

Nashukuru umeuliza kabla hujanunua mashine.

Unga wa sialoni sio bidhaa ambayo mtu wa hapa atakuja kununua kilo mbili. Ili uwe kitu cha kushika unasagwa tena uwe laini sana, unaongezewa itria (oksaidi ya itriamu) kidogo ili kitokee kimiminika cha kuunganisha chembe, unashindiliwa kwenye umbo, halafu unachomwa tena nyuzi 1,700 na kitu, bado ndani ya naitrojeni. Hapo ndo unapata bomba la kulinda kipima joto kwenye alumini iliyoyeyuka au tofali la tanuri. Tanuri la 1,700 la naitrojeni ni habari nyingine ya pesa. Na mnunuzi wa bomba hilo anataka kila bomba lifanane na la jana, wakati kaolini ya shimo hili na ya shimo lile pale mbele zinatofautiana chuma. Chuma kidogo kinasaidia, kinaharakisha mmenyuko. Kikizidi kinabeba silikoni yako na kutengeneza vidonge vya ferosilikoni (chuma na silikoni) ndani ya unga, kila kimoja ni sehemu ya bomba kupasukia. Ndo maana udongo mwekundu wa matofali haufai hata kama ni bure.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningegawa mambo. Mtaji uende kwenye kuosha kaolini vizuri na kuiuza ilivyo, hapo Mkuranga kwenyewe na Chalinze kuna viwanda vya vigae, watengeneza rangi nao wanaitumia. Sialoni ibaki mradi wa maabara, tafuta chuo chenye tanuri la bomba mshirikiane, wao wapate utafiti wewe ujue udongo wako unaweza nini.

Kabla ya yote hayo peleka sampuli kwenye maabara, GST (taasisi ya serikali ya jiolojia) Dodoma au chuo kikuu. Usiwaambie tu "nipimieni udongo" maana watakupa karatasi moja ya oksaidi. Omba vitu vitatu: asilimia ya chuma na titani, asilimia ya kwatzi baada ya kuoshwa, na uzito unaopotea ukichomwa nyuzi 1,000. Huo uzito ukikaribia asilimia 14 kaolini yako imeoshwa ikaosheka. Ukiwa tisa au kumi, mchanga bado umo, rudi kwenye pipa.